Miguu ya Mzee Wamae

Saumu alikuwa mlezi katika makao ya wazee nje kidogo ya mji wa Nyeri, na wenzake walimwona hana moyo. Mzee akilia avishwe sweta, Saumu anaiweka mapajani pake na kumwambia, "Vaa, mzee, mkono unao." Kisha anaketi kumngoja hata nusu saa, chai yake ya saa nne ikipoa.

Huruma waliyomdai aliijua vizuri kuliko wao. Mumewe, Yakubu, alianguka kutoka kwenye lori mwaka wa sitini na sita akavunjika mguu, na Saumu akamlaza nyumbani kwao Majengo, akamlisha, akamwosha, akambeba mpaka chooni. Majirani wakamsifu, wakasema mke ndiye huyu. Mfupa uliunga mwezi wa tatu, lakini Yakubu hakukanyaga sakafu miaka miwili. Magoti yakajikunja yasikunjuke tena, mapafu yakajaa maji, akafa. Sifa zile zilimkaa Saumu kooni tangu siku hiyo.

Mwaka wa sabini na nne aliletwa Mzee Wamae wa Tetu, amepooza upande wa kushoto. Alipenda ugoro kuliko chakula, basi Saumu akamshika hapohapo. Mkebe wa ugoro akauweka mwisho wa kitanda. Wiki iliyofuata ukawa kitini, halafu dirishani, halafu mlangoni, mwishowe kwenye zizi la ng'ombe huko nyuma. Wamae alimtukana kwa Kikuyu na kwa Kiswahili, akaanguka mara mbili, akalia kwa hasira. Hata hivyo kila jioni alimwita kwa jina la mwanawe na kumwambia jambo lilelile.

"Mama Athman, mimi nataka kuingia kwa boma yangu na miguu yangu. Sitaki kubebwa kama gunia ya viazi."

Baada ya miezi minane aliingia bomani kwake kwa miguu yake, na fimbo. Wanawake walipiga vigelegele. Saumu, ambaye si mtu wa kulialia, alijificha nyuma ya ghala akalia mpaka kamasi zikamtoka. Kabla ya kuondoka alimshika Hezekiah, mwana wa mzee, akamwonya: asibebwe, asilishwe, maji ya kunawa ajichotee mwenyewe.

"Tumesikia, mama," Hezekiah akasema.

Miezi mitatu ikapita. Siku moja ya mapumziko Saumu akapanda Tetu kumjulia hali. Alimkuta kitandani, shuka nyeupe pe, Magdaline, mke wa Hezekiah, akimlisha uji kwa kijiko. Chumba kilinukia sabuni. Wote walimchekea mgeni kwa furaha, kama watu wanaosubiri kupongezwa.

Saumu akafunua blanketi. Goti la kushoto lilikuwa limejikunja, na kisiginoni palikuwa na kidonda cha kulala.

"Mmemfanya nini?"

Hezekiah akashangaa kwelikweli. "Mama, huyu ni baba yangu. Ati watu wa kanisa wamuone anabeba maji na mimi niko na wasichana wanne hapa? Si watasema nimemtupa?"

Saumu alimwona anasema kwa mapenzi. Akamgeukia mzee, akamnyooshea mikono yote miwili.

"Mzee, nishike. Simama tu, hata kidogo."

Wamae aliitazama ile mikono. Akameza uji wake kwanza, bila haraka.

"Wacha, Mama Athman. Kule kwenu nilikuwa natembea kwa sababu sikuwa na mtu. Sasa niko na watu."

Magdaline akamfuta mzee kidevu, kisha akamwuliza mgeni kama anakunywa chai na sukari. Saumu akasema ndiyo. Akaketi, akainywa yote, huku akimchukia kila mtu katika chumba kile, na mzee mwenyewe kuliko wote.