Jirani na Baridi Isiyokuwepo

Jirani yangu hapa Buffalo, kaskazini mwa Marekani, huzoa theluji mlangoni kwake akiwa amevaa kaptura. Viganja vyake vina nyufa, na kila akitaka kupumua huegemea koleo na kuanza hotuba ile ile: kwa nini mechi za vyuo za kufunga msimu wa futiboli ya Kimarekani zipelekwe Florida kwenye jua kila Desemba, kwani sisi tumekosa nini? “Baridi? Baridi gani!” hunguruma, barafu imemning’inia kwenye masharubu.

Jumamosi kamati ya mechi hizo ilipokuja kuukagua uwanja wetu, aliwawahi kwenye maegesho na jiko lake la soseji. Mkuu wao, Bwana Tolliver, Mflorida aliyejifunika hadi puani, alikuwa anatetemeka. “Hiki kibaridi tu, kaka, kinachangamsha damu.” Jirani alimbembeleza hivyo hadi mgeni akashusha skafu na kutoa daftari. Nilijua tumeipata mechi. Kisha Tolliver akaliona kasha la kupozea vinywaji.

“Theluji yote hii, bado unapoza bia?”

“Nipoze ya nini?” jirani akacheka, akimpa kopo. “Humo ndimo kwenye joto. Nikiziacha nje zinaganda mpaka zinapasuka.”

Tolliver akapandisha skafu, akafunga daftari.