Mimba ya Paka Dume

Juzi nilikuwa barazani kwa bwana mifugo, Vwawa, nikingojea dawa ya kupe, alipofika mama mmoja na kikapu kilichofunikwa kaniki. Alipoifunua tuliona paka mwenye tumbo kama ngoma na mgongo wa mifupa mitupu.

"Shikamoo, bwana. Mimba hii haizai, na majirani wameshagawana watoto."

Bwana mifugo aliinua mkia, akatazama, akakohoa kuficha kicheko. "Mama, huyu ni dume."

Baraza zima tuliangua kicheko. Mama hakucheka. Alimkumbatia paka wake, akauliza kwa sauti ndogo, "Basi anakufa?"

Bwana mifugo alimwonyesha vipande vyeupe vilivyoganda chini ya mkia. "Ni minyoo tu, mama. Hujaviona nyumbani?"

"Nimeviona kitandani. Nilidhani ni punje za wali, kwamba mume wangu anakula kwa siri. Nimemnunia tangu Pasaka!"

Bwana mifugo, machozi ya kicheko yakimtoka, alimpima paka kwenye mizani, akakata kipande kidogo cha kidonge na kukificha ndani ya dagaa. Paka akameza. "Usimpe dawa ya watu, itamwua. Na viroboto uwamalize, ndio wanaomletea minyoo hawa."

Mwezi uliofuata niliwakuta sokoni. Paka alikuwa amejaa mgongo na tumbo limeshuka. Mume ndiye aliyebeba kikapu, akitabasamu.

Ndugu msomaji, kabla hujamnunia mwenzako, tazama kwanza chini ya mkia wa paka.