Mtani na Juzuu la Nne

Kwenye matanga ya baba, mtani wetu wa Mnyuzi alivaa miwani ya marehemu, akakohoa kama yeye, akashika juzuu la nne la historia ya Japani na kuanza kuwafundisha waombolezaji. Watu walicheka mpaka wakasahau kulia. Mimi nilitamani kumzaba kofi. Halafu akaondoka nalo! Kwa utani wetu, sisi Wazigua na wao Wanyamwezi waliokuja kukata mkonge, kitu alichochukua mtani msibani hakidaiwi kwa ukali. Unakikomboa kwa jogoo, tena huku unacheka. Kucheka kulinishinda.

Majuzuu yale baba aliachiwa na mwalimu wa Kijapani waliyefundisha naye sekondari moja. Manene, ya Kiingereza, kila sura na msomi wake, na wasomi wenyewe hawaelewani. Hapo ndipo baba alipopapenda. Alisema historia ya mtu mmoja ni kama kesi iliyosikilizwa upande mmoja. Presha ya macho ilipomnyima kuona, nikawa namsomea kila jioni barazani kwetu Old Korogwe, nikitafsiri papo hapo. Kila baada ya aya mbili utasikia, "Rudia hapo." Jamani, alinichosha!

"Baba, si nimeshasoma?"

"Najua. Rudia."

Wiki yake ya mwisho tulifika pale Japani inapofukuza wageni na kubakiza Waholanzi wachache kwenye kisiwa kidogo. Msomi huyu akasema nchi ilijifungia kwa kuogopa dini ya wageni. Jioni tuliyomaliza sura hiyo, baba akauliza, "Na mwenzake anasemaje?" Umeme ukakatika. Nikaweka kipande cha kanga kwenye ukurasa, tukalala. Asubuhi tukamkimbiza hospitali, na hakurudi.

Kwa hiyo haja yangu haikuwa juzuu tu. Nilitaka ukurasa ule, nimalize tulichoanza. Lakini kumpelekea jogoo mtu aliyemfanyia baba maigizo? Thubutu! Nilinuna miezi mitatu, hadi mama akanichoka.

"Mpelekee mtani haki yake. Kununa hakumfufui baba yako."

Nikapanda bodaboda, jogoo kwenye tenga. Nilimkuta mzee mlangoni kwake anapukuchua mahindi.

"Shikamoo, mtani."

"Marahaba. Huyo kunguru umemwokota wapi?"

Sikucheka. Aliingia ndani akatoka na juzuu, limefungwa kwenye kitambaa cha meza kisafi. Kipande cha kanga kilikuwa palepale. Nilimuuliza alilichukulia nini wakati Kiingereza hakijui.

"Kila siku ya gulio nilipita kwenu, wewe uko kazini," alisema. "Baba yako ananisimulia mlichosoma. Tumetoka mbali na hao Wajapani! Akanifikisha pale wanapofunga bandari, kisha akafa, mtani mbaya yule. Kaniacha nje ya bandari. Sasa ningekuita uje unisomee, ungekuja?"

Nisingekuja. Baba hakuwahi kuniambia kwamba kila nilichomsomea kilisafiri na gari moshi la maneno hadi Mnyuzi. Hasira yangu yote ikakosa pa kukaa.

"Chukua jogoo wako," akasema. "Juzuu likomboe kwa kunisomea."

Nikakaa kwenye gunia, nikafungua. Msomi wa pili alikuwa mkali: hapana, anasema, nchi haikujifunga, ilichagua tu mlango wa kupitia na nani aushike ufunguo. Nilisoma aya ya kwanza, nikatafsiri. Nikasoma ya pili. Kisha nikasimamisha kidole juu ya mstari.

"Mbona umeishia hapo?" mzee akauliza.

"Namsubiri baba aseme nirudie."

Nilidhani atanitania. Aliweka gunzi chini, akajifuta mikono kwenye shati. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Rudia hapo," akasema.

Nikarudia, huku nalia, kwa mara ya kwanza tangu tumzike.