Mkono wa Rehema na Mota Iliyoitwa Mvivu

Karibu na ninapokaa sasa, hapa mjini Pemba, ile ya bara na si ya kisiwani, kuna fundi anayesuka upya mota zilizoungua. Nikipita mlangoni kwake asubuhi, harufu ya vanishi iliyopata moto hunishika puani na kunirudisha Olumbi, kijijini kwetu, kwenye kibanda cha mabati ambamo baba yangu aliwasagia watu mahindi na makopa ya muhogo. Wenzangu hukumbuka utoto wao kwa harufu ya maandazi. Mimi yangu ndiyo hiyo, mnivumilie.

Umeme ulipofika kwetu, baba alivuka mpaka akaleta mashine ya kusaga kutoka Mtwara. Ilipofungwa, ikakataa. Mota yake ilitaka umeme wa njia tatu, na sisi tulikuwa tumeletewa wa njia moja tu, wa taa na redio. Mtu mwingine angeiuza. Baba alirudi Mtwara, akaganda kwa fundi mmoja mpaka akafundishwa dawa yake, akaja na mota nyingine kuukuu. Hiyo ya pili haikusaga chochote. Ilizunguka bure pembeni, na kwa kule kuzunguka ikazalisha njia zilizokosekana na kuipa mashine. Sisi watoto tuliiita Mvivu.

Shida ya Mvivu ni kwamba haikuweza kuamka yenyewe. Ilibidi kamba iviringishwe kwenye puli yake, mtu aivute kwa nguvu mpaka mota ishike kasi na kamba ichomoke, ndipo baba, aliyesimama ukutani, apandishe swichi. Hapo Mvivu ilinguruma, taa ikafifia kidogo kisha ikarudi, na mashine ikawa tayari. Mvutaji alikuwa dada yangu Rehema. Alikuwa msichana mkubwa tayari, mwenye mikono iliyokomazwa na maji ya kisimani, na aliipenda kazi ile. Wanawake wa foleni walimshangilia utadhani anavuta juya lenye samaki.

Ajali ilitokea asubuhi moja, Idi imekaribia. Foleni ilifika barabarani na jua lilikuwa kali.

"Baba Rehema, washa basi!" walipiga kelele. "Watu tumefunga, unatuchoma juani!"

Rehema alikuwa ameizungusha kamba kiganjani, kama mama alivyomfundisha kushika kamba ya ndoo. Akavuta. Kamba ikanasa kwenye puli, na baba, masikio yamejaa makelele, akapandisha swichi kabla haijachomoka. Mimi nilikuwa nje nacheza. Nilisikia ukelele mmoja tu. Baba aliishusha swichi pale pale, lakini Mvivu ilikuwa imekwisha kuirudisha kamba ndani, na mkono wa dada pamoja nayo.

Walimkimbiza hospitali Palma kwa pikipiki, mama amempakata kama mtoto mchanga. Mifupa iliunga. Vidole viwili vilibaki vimekunjamana, na mpaka leo havinyooki.

Baba akafunga kibanda. Wanawake walirudi kwenye vinu vyao, na kuanzia alfajiri mtaa mzima ulisikika ukitwanga. Hakuna aliyetulaumu, walituletea hata uji. Lakini Rehema alikuwa akiziba masikio kwa mto. Mama naye aliacha kabisa kwenda kisimani, akanituma mimi, na nilipomuuliza sababu aliniambia kiuno kinamuuma. Baba alianza kula peke yake barazani. Akipita mbele ya dada, aliinamisha uso. Mimi nikaamini kwamba amemkasirikia, na kwa akili yangu ya kitoto nami nikajitenga na dada kidogo, nisije nikakasirikiwa pia.

Mchana mmoja tulisikia bati la mlango likilia. Rehema alikuwa ameingia kibandani, anaviringisha kamba kwenye puli kwa mkono wa kushoto. Baba alifika mbio.

"Toka humo!"

"Sitoki, baba. Kama nimekukosea nichape, lakini usiwaadhibu watu kwa ajili yangu. Mama zangu wanatwanga mpaka wanachubuka."

"Umenikosea wewe?"

"Sikuiachia kamba mapema."

Baba akakaa chini, juu ya vumbi la unga. Sikuwa nimewahi kumwona akilia, kwa hiyo kwanza nilidhani anakohoa.

"Mwanangu," alisema, "mimi ndiye niliyewasha. Niliiona kamba haijatoka. Niliiona, nikawasikiliza wao."

Mama, aliyekuwa nyuma yangu, akasema kwa sauti ndogo, "Na mimi ndiye niliyemfundisha kuizungusha mkononi." Ndipo nikajua kiuno chake hakikuwa na ugonjwa.

Baba alikwenda tena Mtwara. Alirudi na mota ndogo ya njia moja, akaifunga kwa mkanda ili ndiyo iisukume Mvivu mwanzoni, akazungushia yote wavu wa chuma. Kamba akaichoma moto. Siku ya kufungua, Rehema ndiye aliyepandisha swichi, na foleni ikapiga vigelegele. Mashine ile ilisaga miaka kadhaa, hadi vita vilipotutoa Olumbi na kutuleta huku.

Siku hizi tunakaa pamoja, na baba amezeeka. Kila anapoingia chumbani, Rehema huurudisha mkono wake wa kulia chini ya kapulana, kitenge anachojitanda. Tangu utotoni nilidhani anauonea haya. Juzi nilimwambia, dada, kwetu hapa hakuna wa kukucheka, uache mkono wako upumue. Akanitazama kama mtu anayechelewa kuelewa mambo.

"Simfichi mtu mwingine," alisema. "Namfichia baba."

Na baba, nimeanza kuangalia sasa, hubisha hodi kwanza, ingawa mlango u wazi na nyumba ni yake. Hukohoa, husubiri kidogo, humpa mwanawe nafasi ya kujifunika, ndipo huingia na kusalimia.