Mistari Minne ya Mio

Saa moja kasorobo asubuhi. Katika ofisi ya walimu ya shule moja ya msingi huko Akita, Kuwabara Chizuru amefunika kibodi kwa leso, vidole vikitafuta herufi bila msaada wa macho.

"Dada Kuwabara, leo unachapa au unadonoa mpunga?" anamtania Nishio, mwenzake katika mazoezi ya ualimu, kijana wa miaka ishirini na miwili.

"Njoo udonoe wewe tuone."

Nishio anacheka, kisha anakiri. "Mimi ni simu tu, kwa kidole gumba. Hii kibodi inanishinda. Na hii programu ya darasani, chuoni si walituonyesha picha zake tu?"

Chizuru ana miaka thelathini na sita. Kwa miaka kumi na mmoja amekuwa akipakia wali na samaki kwenye visanduku vya chakula cha mchana, kwa yeni elfu moja na ishirini kwa saa, huku akisomea ualimu kwa njia ya posta. Kilichobaki ni wiki nne hizi za mazoezi ya kufundisha, nazo zinakaribia kwisha. Kesho kutwa atafundisha huku walimu tisa wamesimama nyuma ya darasa, kila mmoja na kalamu yake. Akishindwa, atasubiri mwaka mzima.

Lakini kinachomnyima usingizi si hao tisa.

Wiki ya pili ya mazoezi aliwapa watoto ishirini na sita kazi ya kuandika kwenye vishikwambi. Badala ya kumfungulia kila mtoto karatasi yake kwenye skrini, aliwafungulia wote moja. Wakaandika juu ya maandishi ya wenzao, darasa zima likaangua kicheko. Chizuru akafanya kama alivyofunzwa kufanya ubao ukichafuka: akafuta maandishi yote ili aanze upya.

Humo mlikuwa na mistari minne ya Mio, mtoto ambaye tangu mwaka wa shule uanze Aprili hakuwa ameandika neno. Kwa jinsi mtoto aliyeketi karibu naye alivyosimulia baadaye, alikuwa ameandika habari za bibi yake, aliyefariki wakati wa theluji.

"Nilimwona akiandika," Chizuru anamwambia Nishio. "Nikajiambia nitasoma baadaye."

Fundi wa kompyuta huzungukia shule nyingi. Alipofika siku kadhaa baadaye, hapakuwa na cha kurejesha.

Chizuru alimwinamia mtoto yule, akamwomba radhi mbele ya wenzake.

"Si kitu, Mwalimu," Mio akajibu. Hajaandika tena.

Mwalimu Hatakeyama, anayemsimamia, hakumgombeza. "Radhi umeshaomba," alimwambia. "Sasa jifunze." Tangu siku hiyo Chizuru hufika kabla ya wote ili ajifunze kompyuta.

Kwa somo la kesho kutwa ametengeneza karatasi ishirini na sita, kila moja na jina la mtoto mmoja.

"Cheti nakitaka, nisiseme uongo," anasema. "Ila kwanza nataka ile mistari. Hata ukija mmoja, nitausoma palepale."

Anafungua karatasi ya Mio. Haina kitu. Anaihifadhi, halafu anaihifadhi tena.