Hodi ya Tatu

Mama mdogo alipougua, chumba chake kilijaa maji. Ndivyo alivyosema, nami niliyelelewa naye nilikuwa naamini nusu. Akishuka kitandani anapandisha khanga hadi magotini, anatembea polepole, na mimi pale mlangoni naapa nilisikia maji yakichezacheza kwenye miguu ya cherehani. Nje Kariakoo ilikuwa na kelele zake, spika za wauza nguo, mikokoteni, "pisha, pisha!" Chumbani kwetu zilifika kwa mbali sana.

Mara ya kwanza alipozidiwa, mjomba, kaka yake, alileta wachukuzi wawili kutoka sokoni. Waliingia na viatu. Wakamfunga mikono kwa khanga yake mwenyewe, wakambeba hadi kwenye bajaji, majirani wamejaa barazani. Alipata dawa, akapona, akarudi kushona. Ila kuna neno alilirudia miezi mingi, taratibu, macho yakiwa dirishani: "Hata hodi hawakupiga."

Mwaka huu maji yakarudi. Mjomba akaja, simu mkononi, anawatafuta wachukuzi wake. Nikamwambia redioni wanasema sheria ya afya ya akili inabadilishwa, mgonjwa naye ana haki ya kuulizwa anataka nini.

"Haya, kamuulize huyo samaki," akacheka.

Nilikasirika hadi machozi. Nikamwambia akitaka kumgusa, aanze na mimi.

"Weee! Umeanza lini kunipandishia sauti?"

Mwisho akakubali aitwe muuguzi wa kliniki, kwa sharti moja: mama mdogo akikataa, wachukuzi wanaingia.

Muuguzi alikuja baada ya adhuhuri, saa ambayo mwanga wa uani unafika katikati tu ya ukumbi wetu mrefu. Akavua viatu. Mlango ulikuwa wazi, pazia limefungwa pembeni, na mama mdogo anaonekana kabisa, kajikunyata kitandani, anatazama sakafu.

"Hodi," akasema muuguzi.

Mama mdogo akavuta khanga miguuni.

"Hodi."

"Si umeshamwona?" mjomba akanong'ona. "Ingia!"

"Hodi jamani."

Vumbi lilikuwa linaelea kwenye mwanga, basi. Muuguzi akainama kuchukua viatu vyake. Nikaona mjomba anabonyeza simu.

"Unaenda wapi?" Ilikuwa sauti ya mama mdogo.

"Nimepiga hodi tatu, sijakaribishwa. Nitarudi kesho."

Mama mdogo akaitazama miguu mitupu ya muuguzi. "Karibu. Ila pandisha nguo, utalowa."

Muuguzi akapandisha sketi yake kidogo, akaingia polepole. Walizungumza hadi alasiri, na mimi ukumbini nilikuwa nalia bila hata kujificha. Kisha mama mdogo akatoka amevaa baibui, pochi kwapani, akasimama mbele ya kaka yake.

"Naenda hospitali," akamwambia. "Kwa miguu yangu."

Amesharudi. Juzi mjomba alikuja na mkate wa kumimina, akasimama nje ya pazia. "Hodi, dada yangu." Sikuamini masikio yangu. Akapiga ya pili, akapiga ya tatu. Nikainuka nimfungulie pazia. Mama mdogo akanishika mkono, kidole mdomoni, macho yanacheka. Tukamsikia mjomba akihema, akiweka mkate chini, kandambili zake zikaondoka taratibu.

"Kesho nitamkaribisha," akasema mama mdogo, akaendelea kushona.