Baba na Ndama wa Kidato cha Pili

Sista aliyetufundisha dini kidato cha pili alikuwa mtu wa Bukoba, mrefu, mwenye sauti ya kusikika mpaka ziwani, na darasani alikuwa na sheria moja tu: mfano wa Yesu ambao huwezi kuusimulia kana kwamba umetokea kwenu nyumbani, bado hujauelewa. Ukimjibu kwa maneno ya kukariri, anakuacha umesimama. Ukimwambia kwamba mpanzi alikuwa mjomba wako wa Magu na mbegu zilikuwa za pamba, anacheka, anakukalisha. Wasichana waliosinzia kwenye hesabu waligombea kusema kwenye dini. Shule yetu ilikuwa ya wasichana watupu, juu kwenye miamba, kwa hiyo kelele zetu hazikumsumbua mtu.

Mwaka huo Sista akatangaza kwamba siku ya wazazi madarasa mawili ya kidato cha pili, A na B, yatashindana kuigiza, kila darasa na mfano wake. B wakachukua Msamaria mwema. Kwetu A nilinyoosha mkono kabla hajamaliza kusema, nikaomba mwana mpotevu, tena nikaomba mimi niwe baba yake. Wenzangu walidhani ni kiherehere changu cha siku zote. Lakini nilikuwa na sababu.

Kaka yangu mkubwa alikuwa ameuza maksai wawili wa baba, wale wa kulimia, bila kumuuliza, akakimbilia biashara ya sangara. Miaka ile kila kijana aliota sangara. Viwanda vya minofu vilikuwa vinafunguliwa, malori ya barafu yanapishana barabarani, na mtu mwenye nyavu zake alijiona bwana. Kaka alinunua nyavu, zikaibwa majini kabla hajazizoea. Tangu hapo alikuwa pale mjini, mwaloni, ufukweni wanakoshushia samaki, akibeba samaki wa watu mgongoni, na nyumbani kwetu upande wa Kisesa jina lake lilikoma kutajwa. Mgeni akimuuliza baba ana watoto wangapi, anajibu watano. Tulikuwa sita.

Jumapili moja kaka alikuja kuniona getini akinuka samaki, na maandazi ndani ya gazeti. Alitaka kurudi nyumbani, ila aliogopa. "Siku ya wazazi mwangalie mzee," aliniambia. "Usimwambie kitu. Wewe niangalizie tu hali ya hewa, halafu Jumapili utanipa taarifa." Nikamkubalia. Kuangalia tu, hata hivyo, sijawahi kuweza maishani mwangu.

Siku ikafika. Wazazi wa mjini walikuja mapema, wa Kwimba na Misungwi wakaja na vumbi la safari. Baba alivaa koti lake la kanisani, akaketi safu ya mbele na mama. Sista alikuwa amepanga kila kitu: A waigize upande huu wa uwanja, wakimaliza, wazazi wageuze viti wawaangalie B upande ule. Ulikuwa mpango mzuri kwa mtu wa Bukoba. Kwetu Usukumani, baada ya mavuno, ngoma mbili zikishindana huchezwa wakati mmoja, kila moja upande wake, na hakuna hakimu wa kuandika alama. Watu wenyewe wanatembea. Panapojaa ndipo penye ushindi. Wasichana wa B wengi walikulia humo. Kuona wazazi wote wamekaa kwetu, na wao wamesimama tu na majeruhi wao kalala chini, ilikuwa sawa na kuambiwa wameshashindwa. Kabla hata mwana mpotevu wetu hajagawiwa urithi, ngoma ikalia upande wa pili.

Sista akapuliza filimbi kwa hasira. Wazazi walidhani filimbi ni sehemu ya ngoma, wakaanza kutembea.

Mwanzoni hatukupoteza watu wengi. Mwana mpotevu wetu alijua vituko: alinunua miwani ya jua, akanunua redio kaseti, akatembea mbele ya wazazi akiwa ameiweka begani. Hata baba alicheka, nikapata moyo. Kisha mwana akarudi amejifunga gunia, kakonda, na mimi na ndevu zangu za pamba nikamkimbilia, nikamkumbatia, nikaagiza aletewe nguo mpya. Hapo baba akasimama.

"Mzee gani huyu?" alisema kwa sauti, watu wote wasikie. "Kijana kamaliza mifugo, halafu anavishwa nguo mpya! Boma litabaki na nini?"

Wanaume waliokaa karibu naye wakaitikia. Baba akabeba kiti chake, akavuka uwanja mpaka kwa Msamaria mwema, na nusu ya safu ikamfuata na viti vyao. Mama hakujisogeza.

Niliumia sana. Hiyo ndiyo hali ya hewa niliyotumwa kuiangalia, nayo ilikuwa mvua ya mawe. Jasho lilikuwa linabandua ndevu zangu, na kwa kuwa sikujua la kufanya, nikapaza sauti: "Mleteni ndama!"

Ndama wetu alikuwa binti wa mwenye duka mjini, amefunikwa blanketi la kahawia. Mchinjaji naye alikuwa wa mjini. Darasa lilijaa watoto wa wafugaji, lakini sisi wote tulitaka sehemu zenye maneno, kwa hiyo kazi ya ng'ombe tukawaachia wasioijua. Mchinjaji akamshika ndama mkia, akamvuta kinyumenyume, na ndama kwa kuliogopa panga la mbao akalia kwa sauti ya mbuzi.

Uwanja mzima ukageuka. Kutoka upande wa B nikamsikia baba: "Yaya, yaya, yaya!" ambayo ndiyo hapana yetu ya Kisukuma. Alikuwa anakuja mbio mbio, kiti amekiacha.

"Ndama anakamatwa mkia kama panya? Hebu toka hapo!" Akamsogeza mchinjaji pembeni, akamwinamia yule binti wa watu. "Samahani, mwanangu. Kunja miguu. Hivyo." Akamlaza ubavu taratibu, akampa huyu ashike huku na yule ashike kule. Wafugaji wenzake wakaja kuhakikisha anafanya sawa, wake zao wakaja kuwaangalia waume zao, na punde upande wa pili hakubaki mtu. Hata majeruhi wa Msamaria aliinuka akaja kuona.

Nikajua nisiposema sasa sitasema tena. Nikakohoa kizee.

"Mzee mwenzangu," nikamwambia baba yangu mzazi, na watu wakaangua kicheko, "umetusaidia sana. Sasa tuambie. Huyu kijana aketi ale na sisi, au tumrudishe alikotoka?"

Baba aliinua kichwa, bado amepiga goti, mkono wake juu ya blanketi. Aliniangalia. Aliziangalia ndevu, kisha akaniangalia mimi niliyekuwa nyuma ya ndevu hizo.

"Yuko wapi?" akauliza.

"Niko hapa, mzee," akajibu mwana mpotevu wetu na gunia lake.

"Sikuulizi wewe."

Watu wakaacha kucheka. Sauti ya kizee ilinitoka kabisa, nikabaki na yangu. "Yuko mwaloni, baba. Anabeba samaki."

"Anakula?"

"Anakula kidogo."

Baba akasimama, akajipangusa magoti. "Mwambie aje," akasema. "Lakini ndama sichinji. Kuku atamtosha."

Mama akapiga kigelegele, na wanawake wote wakampokea, wengi wao bila kujua ni cha nini. Mimi nilikuwa nalia na pamba imenijaa mdomoni. Sista hakutoa alama yoyote siku hiyo. B walipokwenda kulalamika, aliwaambia waangalie watu wako wapi.

Jumapili kaka akaja getini. "Vipi?" akauliza, na uso wake ulikuwa wa mtu anayengoja kupigwa.

"Kuku," nikamwambia.

Hakuelewa, ikabidi nimsimulie yote, tangu filimbi mpaka magoti ya baba. Akaketi juu ya jiwe akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha kicheko kikaisha na machozi yakaendelea. Nilipomuuliza kama atakwenda mwisho wa mwezi, tayari alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu.

"Nakwenda sasa hivi," akasema, "kabla kuku hajageuka mchicha."

Akashuka mlima akielekea barabara ya Kisesa. Hakupita hata mwaloni kuchukua blanketi lake.